Usikitupe Kipakatalishi Kikuukuu, Kifungue Kwanza

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nadhani wangekuwa hai leo wangekuwa wanazungumzia vipakatalishi, kwani hakuna kitu ambacho watu wa huku kwetu hukiacha haraka kama hicho. Kikianza kuganda kidogo tu utasikia, "Hii imekufa, tutafute nyingine." Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba aghalabu haijafa. Ina njaa tu, na njaa yenyewe ni ya aina mbili.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu neno lenyewe, maanake hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na najua wapo watakaoniuliza. Kipakatalishi ni kile ambacho mtaani tunakiita laptopu. Jina limetokana na kupakata, yaani kuweka kitu mapajani jinsi mama anavyompakata mtoto, likaunganishwa na tarakilishi. Watanzania wao husema kompyuta mpakato. Mimi nitatumia la kwetu, lakini tukifika kwa mafundi nitakopa maneno yao, kwa sababu ukiingia dukani useme unataka kumbukumbu ya muda, utaangaliwa tu.

Mbona jambo hili lituhusu? Sisi wa Kidato cha Tatu mwaka huu wa 2026 ndio mkia wa 8-4-4. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na mwakani tutafanya KCSE ya mwisho. Wenzetu wanaosoma somo la Tarakilishi watakuwa na mradi wa mtihani wa kuandaa, na mradi huo hauandikwi kwa kalamu. Isitoshe, shule yetu ni ya kutwa. Wa bweni wakimaliza chakula cha jioni wanaweza kurudi maabara. Sisi jioni tunashika njia, na baada ya hapo tarakilishi pekee ni ile iliyo nyumbani, kama ipo. Mnakumbuka ahadi ya mwaka 2013 ya kila mtoto wa darasa la kwanza kupata laptopu? Vifaa vilianza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016, mwaka ule ule mimi niko darasa la kwanza, navyo vilikuwa tableti za kutumiwa darasani, si za kubeba nyumbani. Kwa hivyo kilichoko majumbani mwetu leo, kuanzia Kericho hadi Sotik na Bomet, ni mitumba: vipakatalishi vilivyofanya kazi ofisini ng'ambo miaka kadhaa, vikaletwa huku. Vina umbo imara, lakini vingi vilitoka kiwandani na kumbukumbu ndogo.

Sasa tuingie ndani. Mfikirie mchunaji wa majani chai. Mikono yake ndiyo ile sehemu inayofanya hesabu, ambayo mafundi huiita prosesa. Kikapu kilicho mgongoni ndicho kumbukumbu, yaani ramu. Kituo cha kununulia majani kule barabarani ndicho diski, mahali ambapo vitu huwekwa vikakaa. Mchunaji huyu ana mikono myepesi ajabu, ila kikapu chake ni kidogo. Kila baada ya dakika chache kimejaa, anashuka bondeni, anapanda ng'ambo ya pili, anamwaga, anarudi. Ukimtazama kwa mbali utasema ni mvivu. Si mvivu hata kidogo, kikapu ndicho kidogo. Na kama njia ya kwenda kituoni ni ile ya matope ya mwezi wa Aprili, hapo ndipo utakapomwonea huruma.

Tarakilishi hufanya vivyo hivyo. Ramu ikijaa, mfumo wa uendeshaji hutoa baadhi ya vitu na kuvihamishia kwenye diski, kisha huvirudisha vinapotakiwa. Wewe unaona skrini imeganda, kumbe ndani kuna safari. Tena umeme ukikatika kikapu humwagika chote, ndiyo sababu insha ambayo hukuihifadhi hupotea, ilhali ile iliyo kwenye diski hubaki.

Kuhusu ile njia ya matope, tufanye hesabu, msiogope. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka. Nyingi za vipakatalishi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Gawanya sekunde 60 kwa 5,400: mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Kwa wastani kitu unachokitafuta kiko nusu ya mzunguko mbali nawe, yaani milisekunde 5 na nusu. Ongeza muda wa mkono wa kusomea kusogea hadi mahali pake, kama milisekunde 12. Jumla ni 17 na ushei. Basi kwa sekunde moja diski hiyo haifikishi safari 60 za kufuata vitu vilivyotawanyika! Na wakati wa kuwaka mfumo husoma maelfu ya faili ndogondogo. Diski mpya zinazoitwa SSD hazina sahani wala mkono. Ni vipande vya kielektroniki, ndugu wa flashi, na safari moja huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hiyo ni maelfu ya safari kwa sekunde. Ndiyo maana mtu akibadilisha diski hudhani amebadilisha mashine nzima.

Utajuaje njaa ni ipi? Usikimbilie bisibisi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue ukurasa wenye michoro inayopanda na kushuka. Fungua vitu unavyotumia siku zote, sema kivinjari na ukurasa wa kuandikia. Ramu ikikaa juu ya asilimia 85 wakati wote, kikapu ni kidogo. Diski ikikaa asilimia 100 dakika nzima na wewe hufanyi lolote, njia ni mbaya. Ukurasa huo huo hukwambia ni nafasi ngapi za ramu zilizo ndani na ngapi zimejazwa, kwa mfano 1 kati ya 2.

Mafundi hubishana ni kipi kitangulie. Mimi nina maoni yangu. Chenye ramu ya gigabaiti 2, anza na ramu, maana humo hata mchunaji hodari hana pa kuweka jani. Chenye 4 na diski ya kuzunguka, kama pesa ni za kitu kimoja tu, nunua SSD, kwa kuwa hata zile safari za ramu iliyojaa zitapita njia ya lami. Chenye 8 tayari, usiguse ramu. Kwa kazi zetu za kuandika, kusoma na kutazama video za masomo, zaidi ya 8 ni kujionyesha.

Nitoe mfano wa kwetu nyumbani. Mwaka 2021 baba alimnunulia dada yangu, anayesomea ualimu chuoni, HP EliteBook 840 G1 ya mtumba. Kufikia mwaka jana ilikuwa dada akiiwasha anaenda kukamua ng'ombe kwanza. Nilipima kwa saa ya simu: dakika 4 na sekunde 10 ndipo ikawa tayari. Akaipeleka kwenye duka moja la mjini, nao wakamwambia baba kuwa madabodi imechoka, alete shilingi 32,000 apewe nyingine. Huo ulikuwa mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai imeingia. Lakini bonasi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa pesa yangu ya chakula cha mchana shuleni, mbolea, na deni la dada la chuo. Baba hakusema kitu. Alihesabu tu kwa vidole, akaanza upya, akahesabu tena.

Jioni nikaomba niitazame. Ramu: 3.6 kati ya gigabaiti 4. Nafasi: 1 kati ya 2. Diski: asilimia 100, nayo inalia ndani kama panya kwenye gunia. Nikamwambia baba, madabodi gani hiyo iliyochoka na hali diski ndiyo inatoa jasho? Jumamosi tukaenda naye kwa fundi mmoja Litein. Kipande cha ramu cha gigabaiti 4 kilichotumika, shilingi 1,200. SSD mpya ya gigabaiti 240, shilingi 3,000. Kazi, shilingi 500. Jumla 4,700. Siku hiyo iliwaka kwa sekunde 26. (Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo uliza maduka matatu kabla hujatoa pesa.) Deni la chuo lililipwa, mbolea ikanunuliwa, nami niko hapa darasani.

Kuhusu ramu, jambo la kwanza ni kwamba haziingiliani ovyo. Kuna vizazi: DDR2, DDR3, DDR4 na sasa DDR5. Kila kipande kina pengo kwenye ule ukingo wa dhahabu, na pengo la kila kizazi liko mahali pake, mfano wa wazee wetu wa zamani walivyong'olewa meno ya chini, ukimwona unajua ni wa kwetu. Kipande kisipoingia usikilazimishe, si ukoo wake. Cha DDR3 cha kipakatalishi kina miguu 204, cha DDR4 kina 260. Vilevile kipande cha tarakilishi ya mezani ni kirefu zaidi na hakitaingia kamwe.

Pale penye mtego ni DDR3 na DDR3L. Kwa macho ni pacha. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ile yenye herufi L hutumia volti 1.35. Yenye L huweza pia kufanya kazi kwenye volti 1.5, lakini mashine zilizoundwa kwa 1.35, kama ile EliteBook ya dada, hazitaki ya kawaida. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya kipande. Ukiona PC3L umepata yenye L, na ukiona PC3 tupu ni ile ya kawaida. Jamaa anayeuza akikwambia "zote ni moja tu", mwambie aitie, aiwashe mbele yako.

Halafu kuna mfumo wenyewe. Vipakatalishi vingine vya zamani vimewekewa Windows ya biti 32. Hiyo huhesabu anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za mbili, na mbili ikizidishwa kwa nafsi yake mara 32 hupata 4,294,967,296, yaani baiti za gigabaiti 4 basi. Ukitia 8, nne za juu hazitatumika kabisa. Kabla ya kununua, hakikisha mfumo ni wa biti 64, na prosesa pia.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kubadilisha mpira wa baiskeli, lakini ina adabu zake. Zima kabisa, si kulaza tu. Chomoa chaja, toa betri, na kama betri iko ndani, chomoa waya wake kwanza. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 umeme uliobaki uishe. Halafu vua sweta. Nasema kweli, vua. Huku kwetu sweta ni nguo ya kila siku, nalo likisuguana na mwili huzaa umeme tuli, ule unaokuuma kidogo ukishika mlango wa chuma. Wewe utaruka tu, lakini kipande cha ramu kinaweza kufa pale pale. Gusa chuma kisichopakwa rangi, kisha shika kipande kwa kingo bila kugusa dhahabu. Kiingize kikiwa kimeinama, kisukume hadi mwisho, kilaze mpaka vibanio vya pande zote mbili vilie "tak". Skrini ikibaki nyeusi usilie wewe. Mara nyingi hakijaingia vizuri. Kitoe, pangusa ile dhahabu taratibu kwa ufutio safi, urudishe.

Diski ni rahisi zaidi kuitia, ila ina uchungu wake, kwa maana ndimo yalimo mambo yako. Nakili kila kitu kwanza. Narudia, kila kitu, hata picha za harusi ya shangazi. SSD ya inchi 2.5 hukaa mahali pale pale pa diski ya zamani na hutumia skrubu zile zile. Ikiwa nyembamba, milimita 7 mahali pa 9.5, iongezewe kifremu cha plastiki isitikisike. Kisha kuna njia mbili: kuhamisha diski nzima jinsi ilivyo kwa programu ya kunakili, au kuweka mfumo upya. Mimi napenda upya. Kuhamisha ni kama kuhamia nyumba mpya na takataka za nyumba ya zamani. Diski iliyotolewa usiitupe, inunulie kasha lake la nje uitumie kuhifadhia nakala.

Tahadhari na bei za miujiza. Sokoni kuna diski na flashi ambazo huonyesha terabaiti moja lakini ndani hazifiki hata robo, na ukizijaza zinafuta ulichotangulia kuweka. Programu ya bure iitwayo H2testw huandika diski nzima na kuisoma tena, ikakwambia ukweli. Na ukinunua SSD iliyotumika, CrystalDiskInfo itaonyesha imefanya kazi saa ngapi.

Kwa sisi wa boda boda, SSD ina faida nyingine ambayo haisemwi sana. Kwenye diski ya kuzunguka, mkono wa kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa chukua kipakatalishi ambacho hakijazimwa, ukitie begini, upande boda boda kwenye zile barabara za mawe za kwenda kwenye vituo vya majani. Shimo moja, mkono unagonga sahani, na insha zako zimekwangurwa. SSD haina cha kugongana. Haimaanishi uiangushe, lakini.

Si kila mgonjwa atapona. Vipo vipakatalishi vyembamba ambavyo ramu yake imechomelewa kwenye madabodi, na vidogo vya bei rahisi ambavyo hata hifadhi yake imechomelewa, gigabaiti 32 basi. Hivyo huviongezi kitu. Na betri ikiwa imevimba kama mandazi, usiitoboe wala kuilazimisha, inaweza kushika moto. Mwachie fundi. Tena kikapu kikubwa hakiongezi kasi ya mikono: prosesa iliyokuwa dhaifu itabaki dhaifu.

Kuna swali la Windows pia. Microsoft ilifunga utunzaji wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hutaka angalau ramu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64, hayo tunayaweza, lakini inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel inakubali prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Ile ya dada ni ya kizazi cha 4. Kirasmi haikubaliki hata uijaze ramu mpaka imwagike. Tulimwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure na huja na LibreOffice ya kuandikia. Alinung'unika siku mbili kwamba vitufe vimehamishwa, ya tatu akanyamaza.

Kazi ya kufufua mashine kuukuu si ngeni nchini. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianzishwa mwaka 2002 kupokea tarakilishi zilizotumika, kuzitengeneza na kuzipeleka shuleni. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Ndani ya taka hizo kuna risasi na zebaki. Huku kwetu maji ya mvua yote hushuka mtoni, na mtoni ndiko tunakoteka.

Nimalize na stoo yetu. Wengi wenu mmepita pale karibu na maabara ya sayansi bila kujua kwamba ndani kulikuwa na vipakatalishi 14 vya msaada vilivyoandikwa "mbovu" kwa chaki. Muhula uliopita mwalimu wa somo la Tarakilishi alituruhusu wanafunzi watano kuvikagua kila Ijumaa baada ya masomo, naye akiwa papo hapo. Vitatu tuliviweka kando siku ya kwanza, ramu imechomelewa. Vingine vitano havikuwa na diski kabisa. Sita vilivyobaki tulivifungua kimoja kimoja. Vinne vina ramu ya 2 na nafasi tupu, na sasa viwili kati ya hivyo vinafanya kazi kwa vipande tulivyotoa kwenye vile visivyo na diski. Ukipita maabara utaviona, vina utepe wa kijani. Cha tano kinasubiri SSD, na mwalimu ameandika ombi kwa kamati ya wazazi. Cha sita hakikuwaka hata tulipobadilisha kila kitu tulichokuwa nacho. Tumetoa ramu yake, gigabaiti 4 za DDR3L, tumeifunga kwenye karatasi na kuandika jina. Iko kwenye droo ya mwalimu, upande wa kushoto. Kama kipakatalishi cha kwenu kina nafasi tupu na ni cha ukoo huo, njoo Ijumaa tukijaribu kwa hicho kipande kabla hujatumia hata shilingi moja.